Themostati Ndani ya Sufuria: Ufundi wa Uani na Somo la Joto

Katika vyuo vyetu vya ualimu somo la joto hufundishwa kila mwaka, na kila mwaka hufundishwa kwa namna ile ile. Mwanachuo huandika ya kuwa joto husafiri kwa njia tatu, yaani mpitisho, myuko na mnunurisho. Huchora birika juu ya moto, akaweka mishale michache kuonyesha maji ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, kisha hujibu mtihani na kufaulu. Hatuna ugomvi na birika. Lakini mwanachuo huyo huyo anaposafiri kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na basi likasimama mlimani kwa sababu injini imechemka, hushuka pamoja na abiria wengine na kukaa kando ya barabara, asijue kwamba lile alilolichora daftarini ndilo lililomkwamisha njiani.

Hoja yetu ni kwamba kazi ya kubadilisha themostati na pampu ya maji ya gari, ambayo hufanyika uani kwa spana chache na karai moja, yaweza kuwa somo la joto lililo bora kuliko birika, kwa sharti moja tu: kila kinachotolewa kipimwe kabla ya kutupwa, na kabla ya kipya kuwekwa mahali pake. Pasipo sharti hilo kazi hiyo ni kibarua, na chuo hakina haja ya kuipatia nafasi katika ratiba.

Sharti lenyewe hatukuliokota njiani. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, hakutaka wanafunzi wafanye kazi tu. Aliwataka washiriki katika kuipanga na kuiamua, na wajifunze kutokana na matokeo yake. Katika shule nyingi kilichofuata kilikuwa jembe bila daftari. Wanafunzi walilima shamba la shule asubuhi, mchana wakarudi darasani kusoma habari za udongo, na hakuna aliyewauliza mambo hayo mawili yanahusianaje. Baadaye watu wakalilaumu jembe. Sisi twaona jembe lilionewa. Spana nayo ikitiwa mikononi mwa wanachuo bila swali, italaumiwa vivyo hivyo.

Tuanze na mashine yenyewe, maana mwalimu asiyeijua hawezi kuiulizia maswali. Katika injini ya petroli ya kawaida ni sehemu ndogo tu ya nishati iliyomo katika mafuta, kama robo hadi theluthi, inayosukuma gari. Iliyobaki ni joto, na joto hilo halina budi kutoka. Sehemu yake hutoka pamoja na moshi, na sehemu nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka silinda. Pampu, ambayo kwa magari mengi huzungushwa na mkanda wa feni, huyasukuma maji hayo kupitia ndani ya injini. Yakitoka juu yakiwa ya moto hupita katika mpira mnene hadi kwenye rejeta, yakapozwa na upepo, kisha yakarudi chini kuanza safari upya. Kati ya injini na rejeta pana mlango, na mlinzi wa mlango huo ndiye themostati. Ndani yake mna kikopo kidogo kilichojazwa nta. Nta ikiyeyuka hutanuka. Ikitanuka husukuma kijiti cha chuma. Kijiti nacho hushindana na springi, na kilango kikafunguka. Hakuna umeme wala waya. Ni nta tu, itumikayo kwa mishumaa, imepewa kazi ya ubawabu.

Mwanachuo makini atauliza papo hapo: ikiwa maji ya moto hupanda yenyewe, kama mishale ya birika isemavyo, pampu ya nini? Swali hilo lina historia nzuri. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, halikuwa na pampu ya maji, isipokuwa yale machache ya mwanzo kabisa. Maji yalizunguka kwa myuko peke yake. Mfumo huo ulitosha kwa injini ndogo isiyokimbia sana, ila ulitaka mipira minene, rejeta iliyoinuliwa juu, na maji yasiyopungua hata kidogo, kwa sababu mzunguko ulikatika mara maji yalipoacha kufika kwenye mdomo wa juu. Injini zilipopata nguvu zaidi, myuko ukazidiwa. Kwa hiyo pampu si kanusho la somo la birika. Ni ushahidi kwamba birika husema kweli, lakini husema polepole.

Sasa tufike penye ugomvi. Gari la mkufunzi mwenzetu mmoja lilipokuwa likichemka, fundi wa mjini aliing'oa themostati, akaitupa, akasema kuwa kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya na hakina kazi katika nchi zetu za joto. Gari likatulia kwa majuma mawili, kisha likaanza tena kuchemka, maana ugonjwa ulikuwa kwenye pampu. Hatumsimulii fundi huyo ili kumcheka. Maneno yake husemwa katika gereji nyingi, na wenye magari wengi, wakiwemo walimu wa fizikia, huyaitikia kwa kichwa. Isitoshe, yana chembe ya maarifa: themostati iliyoganda ikiwa imefungwa, kuing'oa huponya gari papo hapo. Kosa ni kuufanya msaada wa njiani kuwa kanuni.

Darasani maneno yale yageuzwe kuwa hesabu. Siku ya joto Dar es Salaam hewa hufika nyuzi 32 hivi. Siku ya baridi London ni nyuzi 5 hivi. Tofauti ni nyuzi 27. Ndani ya silinda, wakati petroli inapowaka, moto hupita nyuzi 2,000. Je, injini inayojua moto wa namna hiyo itajali tofauti ya 27? Rejeta ndiyo inayoijali, kwa kuwa yenyewe hushughulika na hewa ya nje. Themostati hushughulika na injini, na injini ya Dar es Salaam hutaka kuwa na joto lile lile litakiwalo na ya London, nyuzi 80 na zaidi, ili oili iwe nyepesi kiasi chake, petroli igeuke mvuke barabara, na unyevu usijikusanye ndani ya oili na kuiharibu. Injini isiyopata joto lake hula mafuta na kuta za silinda zake huchakaa upesi. Tena yapo magari, yakiwemo baadhi ya Toyota zilizojaa barabarani mwetu, ambayo themostati yake ina kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto hurudi ndani bila kufika kwenye rejeta, na gari likaweza kuchemka mlimani kwa sababu ya dawa ile ile iliyokusudiwa kulipoza.

Hesabu nyingine yafaa kwa darasa la hisabati. Tuseme mfumo una lita 8 za maji, nayo yapande kutoka nyuzi 25 hadi 85. Kilo 8, mara jouli 4,200, mara nyuzi 60, tunapata jouli 2,016,000. Lita moja ya petroli ina jouli milioni 33 hivi, na tukichukulia kuwa theluthi yake huingia katika maji, basi kuyapasha yale maji ni kazi ya chini ya robo lita. Wanachuo hushangaa kwamba ni kidogo hivyo. Kisha mmoja wao hukumbuka kuwa chuma cha injini nacho hupashwa, mwingine husema gari lisilo na themostati hulipa deni hilo bila kumaliza kamwe, kwa kuwa maji hupozwa kabla ya kupata moto. Mjadala huo ni somo tosha.

Lakini jaribio lililo moyo wa jambo hili ni la sufuria. Chukua themostati, mpya au ya zamani. Bana uzi katika mdomo wa kilango chake, uining'inize kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji baridi iliyo juu ya jiko la mkaa. Ning'iniza pia kipimajoto, kisiguse chini ya sufuria, maana pale chini pana joto kuliko katikati na kitakudanganya. Koroga polepole. Kilango kitakapoanza kufunguka uzi utaachiwa, na themostati itaanguka chini. Soma kipimajoto wakati huo huo. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Mara nyingi ni 82 au 88. Tumefanya jaribio hili na wanachuo wa mwaka wa pili uani mwa nyumba ya mkufunzi, na hatujaona somo la maabara lililowanyamazisha watu kama dakika ile ya kuungojea uzi. Nyuzi 79, 80, 81. Kila mmoja ameandika utabiri wake, na hakuna awezaye kuazima jibu la mwenzake.

Nusu ya pili ya jaribio hukataa kukaririwa. Themostati haifunguki wazi yote mara moja. Huanza karibu na namba yake, ikafika upana wake kamili nyuzi 10 hadi 15 juu zaidi. Vitabu vya ufundi husema: itie katika maji yanayochemka, na isipofunguka wazi itupe. Huko Tanga maji huchemka karibu na nyuzi 100, na shauri hilo huweza kupita. Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na hata ukiongeza mkaa mpaka jioni hayataongeza joto. Themostati ya 88 ikiwa ndani ya sufuria hiyo itaanza kufunguka na kuishia njiani. Mwalimu anayefuata kitabu bila kufikiri ataihukumu kuwa mbovu, ataitupa, na atanunua nyingine ambayo nayo itaonekana mbovu. Kifaa ni kile kile na kitabu ni kile kile, lakini hukumu ya Tanga yageuka Njombe kwa sababu ya uzito wa hewa. Hapa mwanachuo hujifunza jambo ambalo hakuna mchoro wa birika umewahi kumfundisha, nalo ni kwamba mchemko hauna namba moja.

Na akishaliona hilo ataelewa kifuniko cha rejeta. Kile si kifuniko cha kuzuia maji yasimwagike tu; kina springi inayoshikilia kanieneo ndani ya mfumo. Kikishikilia ziada iliyo sawa na kanieneo ya hewa ya pwani, maji hayachemki mpaka karibu na nyuzi 120. Springi yake ikilegea gari la Njombe huteseka zaidi kuliko la Tanga, na mwanachuo atakueleza kwa nini. Pia ataelewa, badala ya kutishwa tu, kwa nini kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji ya nyuzi 110 yaliyotulia chini ya kanieneo, ukiiondoa kanieneo hiyo ghafla, huchemka yote kwa pamoja na kumrukia usoni aliyeinama. Katazo hili tunataka lijulikane kwa sababu yake. Mtoto aliyeambiwa "usiguse" hugusa siku ambayo mkubwa hayupo.

Kwa kuwa tunazungumzia moto na baridi, na tunazungumza na walimu wa Tanzania, hatuwezi kumpita Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, aliona wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yake yaliyotiwa katika jokofu yakiwa bado ya moto yaliganda mapema kuliko ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, ambako alimwuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu, Denis Osborne, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akapima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama tukio hilo hutokea kila mara, na kwa sababu gani. Kwetu sisi walimu ubishi huo si hasara. Swali lilitoka jikoni, likakutana na mtu aliyekuwa tayari kulipima, na ilimchukua mwenye swali miaka kadhaa kumpata mtu huyo. Ni wangapi hawakumpata?

Turudi uani. Kabla ya kushika spana darasa lisikilize gari kama tabibu amsikilizavyo mgonjwa, maana kuchemka ni dalili moja yenye sababu nyingi. Mshale wa joto ukipanda huku mpira wa juu wa rejeta ukiwa bado baridi, themostati yafaa kushukiwa, kwa kuwa maji ya moto hayajaruhusiwa kutoka. Chini ya pampu pana kitundu kidogo ambacho wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. Kimewekwa makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo na kumwarifu mwenye gari kabla hayajaingia kwenye beringi. Doa la kutu au chumvi chini ya kitundu hicho ni barua iliyokwisha andikwa. Ukilishika gurudumu la mkanda, injini ikiwa imezimwa, na likachezacheza huku na huku, beringi imekwisha. Mkanda ukilegea pampu haizunguki ipasavyo ingawa ni nzima, na hapo dawa ni dakika kumi za kukaza, bila kununua chochote. Rejeta iliyoziba huwa na madoa ya baridi katikati ya joto. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, injini ikinguruma, huashiria gasketi ya silinda hedi, na hapo kazi ya uani inakoma. Gari lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa.

Wanachuo waandike kila dalili na kila dhana kabla ya kufungua. Twakazia hili kwa sababu tumeona kinyume chake katika shughuli yetu wenyewe ya ualimu. Mwanafunzi akishindwa hesabu huitwa mzito, kana kwamba uzito ni sababu. Hakuna aliyemshika mpira wa juu kujua kama joto linafika.

Kuhusu kazi yenyewe hatutasema mengi, maana kila gari lina kitabu chake. Injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Maji yakingwe katika karai safi ili yapimwe kiasi chake, kwani lita zilizotoka ndizo zitakazoulizwa wakati wa kurudisha. Ikiwa maji yana kulanti, karai lisiachwe wazi hata kidogo: kulanti nyingi zina glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto huilamba kwa hiari yake. Isimwagwe mtaroni. Bolti za pampu aghalabu hazilingani urefu, na bolti ndefu ikilazimishwa mahali pa fupi huweza kupasua chuma. Kwa hiyo chora sura ya pampu kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na kila bolti ichomekwe mahali ilipotoka. Boksi hilo ni kielelezo cha kufundishia kisichopungukiwa na chochote, na huwezi kulinunua dukani. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote bila kukwaruza uso wa chuma. Themostati irudishwe upande wa kikopo cha nta ukielekea kwenye injini, na kitundu chake cha kupitishia hewa, kama inacho, kiwe juu; mwulize mwanachuo kwa nini juu, naye kama amelifahamu birika atajibu. Bolti zikazwe kwa zamu na kwa kupishana, bila hasira. Maji yatiwe polepole, injini iwashwe ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, hewa itoke, na mkono mmoja uwe juu ya mpira wa juu kungojea. Ghafla mpira hupata joto. Ni uzi wa sufuria umeachiwa tena, safari hii ndani ya injini, na darasa zima hujua kilichotokea ingawa hakuna aliyekiona.

Pampu iliyotolewa ifunguliwe siku ya pili darasani. Wanachuo waone sili iliyochakaa, shafti yenye kutu, na mapanga yaliyoliwa na maji ya kisima yenye chumvi. Kwa gari ambalo pampu yake huzungushwa na mkanda wa ndani wa injini, ule unaopanga mwendo wa valvu, tunashauri walimu wasijaribu. Mkanda huo ukirudishwa nje ya alama zake injini huweza kuvunjika, na hakuna funzo la myuko lenye thamani hiyo.

Lipo jambo la aibu ambalo lazima lisemwe, nalo ni gari la nani. Yumkini mkufunzi akasoma makala haya na kuona amepata vibarua wa bure wa kumtengenezea gari lake Jumamosi. Tunaikataa tafsiri hiyo asilani. Wazee waliopita shuleni katika miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka mashamba ya walimu yaliyolimwa kwa jina la elimu ya kazi, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wazazi wengi leo washuku kila kazi ya mikono shuleni. Shaka yao ina haki. Kwa hiyo gari la mtu binafsi likitumika, mwenyewe anunue vifaa vyote, atangaze mbele ya darasa faida anayoipata, kazi ifanyike ndani ya saa za kipindi, na mwanachuo asiyetaka kupakaa grisi apewe daftari la vipimo bila kunung'unikiwa. Ikiwa gari litafanyiwa kazi ile ile mara ya pili na darasa lile lile, hilo si somo tena. Alipwe fundi.

Wenzetu wengine watasema kazi hii ni ya VETA na si ya walimu wa shule. Jibu letu ni kuwa VETA hufundisha watu watakaotengeneza magari, na hilo lina mitaala yake na muda wake. Sisi tunawafundisha watu watakaosimama mbele ya watoto na kusema neno "joto". Hatutaki wahitimu wajue kukaza bolti. Tunataka wajue kutoridhika na sababu ya kwanza waliyopewa. Wengine watalalamika kuhusu muda, na malalamiko hayo ni ya kweli, ila jaribio la sufuria halichukui zaidi ya kipindi kimoja cha dakika 80, wala halihitaji gari. Lugha nayo ituhangaishe. Mwanachuo aliyesoma fizikia ya sekondari kwa Kiingereza aghalabu hushindwa kumweleza mtoto wa darasa la tano, kwa Kiswahili, kwa nini maji huzunguka. Uani haoni haya kusema rejeta, springi, nta, mpira na kitundu. Maneno yapo, yalikuwa gereji yakingoja.

Kwa chuo kisicho na gari wala fedha, mwanzo ni mwepesi. Nenda gereji za mjini, uwaombe mafundi wakuwekee themostati wanazozing'oa badala ya kuzitupa. Watashangaa, kisha watakupa. Sisi tulipewa boksi zima. Zioshe, uzipe kila moja namba, na uzipeleke kwenye sufuria. Katika zile zetu zimo zilizokuwa zimeganda kabisa, zimo zilizofunguka kwa kuchelewa, na zimo zilizoanza kufunguka kwenye namba yake hasa, nzima, zilizotolewa bure. Wanachuo wetu waliandika matokeo kwenye karatasi moja na kuyarudisha kwa mafundi wale. Mmoja wao aliisoma karatasi yote akiwa amesimama, akauliza kipimajoto huuzwa wapi.